Urubani na Kasoro ya Kuona Rangi: Pima Macho Kabla ya Kulipa Ada

Kosa linalogharimu kuliko yote katika safari hii ni kulipa ada ya chuo cha urubani kwanza, kisha ndiyo uende kwa daktari. Leseni ya rubani wa binafsi hudai cheti cha afya cha Daraja la 2 tu. Ya biashara hudai Daraja la 1. Kijana akianza na Daraja la 2 anaweza kurusha ndege mchana kwa miezi, akakwama pale anapotaka kuanza kula mshahara.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuweka amana, nenda kwa daktari wa anga aliyeidhinishwa na mamlaka ya nchi utakayochukulia leseni (TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya) na umwambie wazi kuwa unataka Daraja la 1.

Utaanzia kwenye kitabu cha Ishihara, zile kurasa za vidoto vyenye namba ndani. Kwa kanuni za Ulaya, kwenye toleo la kurasa 24, zile 15 za kwanza huonyeshwa kwa kuchanganywa na hupaswi kukosea hata moja. Kitabu kiwe umbali wa sentimita 75 hivi, na jibu litoke ndani ya sekunde chache. Mwanga uwe wa mchana au wa taa inayolingana nao. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataja mwanga wa kiwango cha C au D65. Angalia sana jambo hili, kwa sababu balbu ya manjano hubadilisha rangi za vidoto, na kurasa zilizopauka kwa jua zinaweza kumwangusha hata mwenye macho mazima. Ukiona hali hiyo, omba kwa heshima upimwe tena mahali pengine.

Kukariri kurasa hakusaidii. Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2025, waombaji wapya hupimwa kwa kompyuta, na kitabu hakitoshi tena.

Kushindwa Ishihara si mwisho, maana kitabu hicho hakipimi vizuri ukubwa wa kasoro. Omba kipimo cha juu: anomaloskopu (kifaa cha kulinganisha rangi), taa za rangi kama Holmes-Wright, au CAD cha kompyuta kilichobuniwa City University, London. CAD hukutajia aina ya kasoro na kiwango chake kwa namba. Utafiti uliochapishwa na CAA, mamlaka ya anga ya Uingereza, mwaka 2009 uliweka mpaka wa uniti 6 kwa wenye udhaifu wa kijani na 12 kwa wenye udhaifu wa nyekundu. Aliye chini ya mpaka huo alisoma taa za PAPI sawasawa na mtu wa kawaida.

PAPI ni taa nne kando ya njia ya kutua, zinazomwonyesha rubani kama kimo chake ni sahihi. Mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake uko sawa. Nyekundu zote nne, uko chini mno. Julai 2002 ndege ya mizigo ya FedEx, safari 1478, ilianguka Tallahassee usiku ikikaribia kutua, na wachunguzi wakaitaja kasoro ya rangi ya rubani msaidizi miongoni mwa sababu zilizochangia, pamoja na uchovu. Wote watatu waliokuwa ndani walinusurika. Kanuni hizi si ukatili.

Ukishindwa vyote, Marekani hukupa cheti cha kuruka mchana tu, kwa kuona kwa macho. Kwa anayelenga mashirika ya abiria, cheti hicho hakimfikishi. New Zealand ina kipimo cha vitendo ndani ya ndege, na ni njia ya kweli kwa wengine, ila mamlaka ya nchi nyingine hailazimiki kukubali matokeo yake. Iandikie mamlaka ya nchi unakotaka kufanya kazi, na upate jibu la maandishi kabla ya kununua tiketi.

Miwani na lenzi za rangi zinazouzwa mtandaoni acha. Zinabadilisha utofauti wa rangi bila kuponya jicho, na hazikubaliwi kwenye kipimo.

Jambo moja husahaulika: si kila kasoro ni ya kuzaliwa nayo. Ethambutol, dawa ya kifua kikuu, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho na kufifisha nyekundu na kijani. Kisukari nacho huathiri rangi. Kama uliwahi kuona rangi vizuri na sasa huzioni, tangulia kwa daktari wa macho. Na ripoti yoyote utakayopewa, dai nakala yenye namba kamili, si muhuri wa “amefeli” peke yake.