Jibu kwa aliyeuliza kuhusu 2-05 kwa 1-09

Dada, umeuliza kama matokeo ya 2-05 kwa 1-09 katika mpira wa Kigaeli (Gaelic football, mchezo wa Ayalandi) yamekosewa. Hapo hakuna kosa la uchapaji. Namba ya kwanza ni mabao, ya pili ni pointi za mpira uliopita juu ya mtambaa panya katikati ya milingoti. Bao moja ni pointi 3, kwa hiyo 2-05 ni 11 na 1-09 ni 12. Wenye mabao mawili wamefungwa! Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuzoea.

Tangu 2025 kuna nyongeza: ukipiga mpira ukapita juu ukiwa nje ya tao (mstari uliopinda) la mita 40 kutoka golini, unapata pointi 2. Fainali ya Ayalandi yote mwaka huo kaunti ya Kerry waliwapiga kaunti ya Donegal 1-26 kwa 0-19, yaani 29 kwa 19.

Sasa huyo kijana wako wa miaka 10: usihangaike kutafuta msimamo wa ligi, haupo. Hadi chini ya miaka 12 wanacheza kinachoitwa Go Games, timu ndogo, uwanja mdogo, na kila mtoto lazima acheze, hata yule anayechuma maua pembeni. Ushindani wenyewe unaanza baada ya hapo. Timu za kaunti za vijana ni chini ya 17, halafu chini ya 20.

Nyumbani mfundishe hili tu: akishika mpira asizidi hatua nne bila kuudundisha au kujipigia kwa mguu urudi mkononi. Na kudunda mara mbili mfululizo ni faulo.