Ndoo moja ya udongo ilinidanganya

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Kila kukicha nasikia habari za “kilimo cha usahihi”. Shemeji yangu anasema ni kulima kwa droni. Mwalimu wetu anasema ni kulima kwa setilaiti. Muuza mbolea naye anasema ni kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Mkweli ni nani, na mambo haya yalianzia wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji na mwalimu wametaja vyombo, kazi yenyewe hawajaitaja. Huyo wa mbolea ndiye kapotea zaidi, maana kipimo cha kwenye mfuko ni kimoja kwa shamba zima, na kilimo cha usahihi kinaanza pale unapokataa kipimo kimoja kwa shamba zima.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilitaka kujua kama shamba langu lina tindikali. Nikachota udongo huku na huko, nikautia kwenye ndoo moja, nikauchanganya vizuri, nikapeleka kupima. Jibu likaja: pH 5.8. Hiyo pH ni kipimo cha tindikali, na namba ikishuka tindikali inazidi. Basi nikamwaga chokaa, inayopunguza tindikali, shamba zima, kiasi kilekile kila hatua, nikajiona mtaalamu. Mahindi ya juu kwenye mwinuko yakanawiri. Ya bondeni yakaanza kutoa majani machanga yenye mistari myeupe, mmoja kila upande wa mshipa wa kati, na mimea ikadumaa, haizidi goti. Kwa bahati nilikuwa nimebakiza vifuko vya udongo wa kila upande kabla ya kuchanganya. Nikavipima kimoja kimoja. Juu palikuwa 5.1, bondeni 6.7. Bondeni hapakuhitaji chokaa hata kidogo, na nilipoiongeza nikaifungia zinki, kirutubisho cha mmea, ardhini, mizizi ikawa haiipati. Ile 5.8 haikuwepo mahali popote shambani mwangu. Ilikuwepo ndoani tu.

Sasa maana yake. Jumuiya ya Kimataifa ya Kilimo cha Usahihi ilikubaliana juu ya maelezo marefu kidogo, na kwa maneno yangu yanasema hivi: ni namna ya kuendesha shamba ambapo unakusanya na kuchambua takwimu za mahali, za wakati, na za mmea au mnyama mmoja mmoja, kisha unaamua la kufanya kulingana na tofauti ulizoziona. Angalia, mnyama naye yumo. Ng’ombe mwenye kitambulisho sikioni, anayepewa pumba kulingana na maziwa anayotoa, naye ni kilimo cha usahihi. Droni haikutajwa.

Kuhusu asili, wengi watakuambia Marekani, miaka ya 1980. Si uongo, lakini wazo lilivitangulia vyombo. Mwaka 1911 watafiti Mercer na Hall walichapisha matokeo ya ekari moja ya ngano ya kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Ekari hiyo kwa macho ilionekana sawasawa. Waliigawa vipande 500, kila kipande kikavunwa na kupimwa peke yake. Kilichotoa kidogo kabisa kilikuwa na ratili 2.73 za nafaka, na kilichotoa nyingi kabisa ratili 5.16. Ngano moja, matunzo mamoja, na tofauti karibu mara mbili! Halafu mwaka 1929 Linsley na Bauer wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakawaandikia wakulima kijitabu: pima udongo sehemu nyingi, chora ramani ya penye tindikali, weka chokaa panapoihitaji. Ningekiona mapema, mahindi yangu yangepona.

Kwa nini basi ushauri huo ulilala zaidi ya miaka hamsini? Mimi nalilaumu trekta. Mwenye jembe la mkono huongeza samadi penye udongo mwepesi bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa miguu yake iko pale. Trekta lilipokuja mashamba yakaunganishwa yakawa makubwa, dereva akakaa juu, na mashine ya nyuma ikawa inamwaga kiasi kimoja toka pembe hii hadi ile.

Katikati ya miaka ya 1980, huko Minnesota, Marekani, ikapatikana mashine ya kumwaga mbolea inayobadilisha kiasi huku ikitembea, kwa kufuata ramani ya udongo. Pierre Robert, mtaalamu wa udongo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliivalia njuga fani hii hata wengi wakamwita baba wa kilimo cha usahihi, na mwaka 1992 watafiti wakakutana Minneapolis kuijadili. Miaka hiyohiyo vikaenea vipimo vya mavuno ndani ya mashine za kuvunia. Hapo pana ufundi ninaoupenda: nafaka ikipandishwa kwenda tangini inarushwa ikagonga bamba, na nguvu ya pigo ndiyo inayoonyesha kiasi kinachopita. Ukijua pia mashine iko wapi sekunde hiyo, umepata ramani ya mavuno.

Kujua iko wapi ndiyo kazi ya GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali kitu kilipo. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa 1978, mfumo ukakamilika 1995, lakini jeshi la Marekani lilikuwa linaharibu makusudi mawimbi ya raia, kosa likafika hata mita 100. Wakulima wakawa wanalipia masahihisho ya kosa hilo, yaliyotumwa kwa redio. Uharibifu huo ulizimwa Mei 2000. Leo, kwa kituo cha masahihisho kilicho karibu, trekta linafuata mstari kwa kosa la sentimita chache tu.

SWALI: Bibi, nimekuelewa, ila mimi nina ekari tatu na sina hata trekta. Inanihusu?

JIBU: Inakuhusu, tena wewe una miguu. Msimu huu usinunue kitu. Chora shamba lako kwenye karatasi, uligawe kwa unavyolijua: panapotuama maji, penye mchanga, palipokuwa zizi zamani. Simika vigingi mipakani. Siku ya kuvuna usichanganye. Magunia ya kila sehemu yapimwe na yaandikwe peke yake. Kama eneo halilingani, gawanya uzito kwa ukubwa wa sehemu, la sivyo sehemu kubwa itakudanganya kama ndoo ilivyonidanganya mimi. Sehemu iliyoshika mkia ndiyo uchote udongo wake kwanza, na uchote pia wa ile iliyoongoza, kila mmoja na mfuko wake. Ukipata majibu niandikie, tuyasome pamoja.