Apple hawakupewa jina la aliyevujisha

Umeuliza kama Apple walifanikiwa mahakamani kupata jina la aliyevujisha siri za kifaa chao kwa waandishi wa mtandaoni. Hapana mkuu, walishindwa kuwalazimisha waandishi hao wamtaje. Walifungua kesi Desemba 2004 baada ya PowerPage na AppleInsider, tovuti za habari za Apple, kutoa habari za kifaa cha kurekodia muziki kilichopewa jina la siri la Asteroid, 2005 jaji wa kwanza akawaruhusu wadai imeili za PowerPage kwa kampuni iliyokuwa inazihifadhi, ila Mei 2006 mahakama ya rufaa ya California ikatengua, ikasema wa mtandaoni nao wanalindwa na sheria ya vyanzo vya habari kama wa magazeti tu, tena Apple hawakuwa hata wamewahoji wafanyakazi wao wenyewe chini ya kiapo. Hukumu ipo wazi, O'Grady v. Superior Court, ni ndefu ila inasomeka.

Usichanganye na kesi nyingine ya Apple dhidi ya tovuti ya Think Secret, ile iliisha kwa makubaliano 2007, tovuti ikafungwa, vyanzo havikutajwa. Halafu kinga hiyo ni ya mwandishi, mfanyakazi aliyesaini mkataba wa siri akibainika kibarua kinaota nyasi na anaweza kushtakiwa juu, na kwa kifaa cha muziki tu sioni kwa nini mtu ajitoe mhanga hivyo.