Unahama na ugonjwa wako? Maswali yenu, majibu yangu

Haya jamani, wiki hii najibu wale wanaohama nchi wakiwa na ugonjwa wa kudumu, maana maswali yamerundikana mpaka nikawa naona aibu kuyafungua. Mimi mwenyewe nina kisukari aina ya kwanza, nilihama na kibegi cha insulini kwapani na roho mkononi, kwa hiyo mengine haya yamenikuta. Si daktari mimi wala mwanasheria, dozi muulize aliyekuandikia.

"Nina presha na sukari. Kwenye fomu ya viza wanauliza kama una ugonjwa wowote. Nikisema ndio si ndo wananikata hapohapo? Rafiki yangu ananiambia niache tu."

Huyo rafiki yako mwambie ajaze fomu yake aache yako. Presha inayodhibitiwa kwa vidonge mara nyingi haimzuii mtu, sukari vilevile, wanachotaka kujua ni kama ugonjwa wako unaambukiza umma (kifua kikuu hasa) na kama matibabu yako yatawagharimu pesa nyingi mno. Uongo ndo unaozuia. Kanada ukikutwa umedanganya unafungiwa kuingia miaka 5, Uingereza inaweza kufika 10, na hapo hata ukipona kabisa ile alama ya udanganyifu inabaki kwenye faili lako. Halafu fikiria, unaficha sukari leo, kesho unafika kule unataka insulini, utamwambia daktari imeanza lini? Andika ndio, ambatanisha barua ya daktari inayosema ugonjwa umetulia, dawa ni hizi, vipimo vya karibuni ni hivi. Barua fupi iliyopigwa chapa, si ule mwandiko wa kliniki ambao hata nesi anausoma kwa kubahatisha.

"Mwanangu ana siko seli. Mume wangu anaomba ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi, hatujaamua kati ya Kanada na Australia. Mtoto anaweza kutuharibia?"

Dada, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, anaweza, na ni vizuri ujue mapema kabla hamjauza vitu vya ndani. Nchi zote mbili zina kipimo cha gharama. Kanada wanaangalia kama matibabu yatazidi kiwango walichoweka, na mwaka 2018 walikipandisha kikawa mara 3 ya wastani wa gharama za mwananchi wa kawaida, na wakaacha kuhesabu mambo kama elimu maalumu, kwa hiyo wengi waliokuwa wanakataliwa zamani sasa wanapita. Australia kiwango kilipanda Julai 2024 kutoka dola 51,000 hadi dola 86,000 za kwao. Tatizo ni kwamba kwenye maombi ya familia mmoja akikwama mnaweza kukwama wote, hata kama baba ni injinia mwenye afya ya ng'ombe.

Sasa sikiliza, kuna mlango watu hawaujui. Kanada mwenza au mtoto anayedhaminiwa na mtu ambaye tayari ni mkaazi au raia hapimwi kwa hicho kipimo cha gharama, na wakimbizi pia hawapimwi. Yaani mtoto yuleyule, ugonjwa uleule, jibu linategemea amepitia njia gani. Ila msije mkapata akili ya kumwacha mtoto nje ya fomu mkidhani mtamleta baadaye, asiyetajwa na asiyepimwa mwanzoni anaweza asidhaminike tena. Hapa ndo pa kumlipa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, na umwonyeshe kiasi halisi cha dawa anazotumia mtoto, maana afisa akikosa hesabu yako atatumia makadirio yake. Hydroxyurea ya vidonge na matibabu ya kubadilishwa damu kila mwezi havilingani hata kidogo kwa gharama.

"Natumia ARV miaka sita sasa, virusi havionekani kwenye kipimo. Kuna nchi nitafukuzwa?"

Zipo, ndiyo. Nchi kadhaa za Ghuba wanapima VVU kabla ya kutoa kibali cha kuishi, na ukikutwa navyo unarudishwa, haijalishi virusi vimelala kiasi gani, na kisayansi haina mantiki maana mtu ambaye virusi havionekani hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini ndo sheria yao, kwa hiyo usimlipe wakala hata senti kabla hujaiuliza. Upande wa pili Marekani waliweka marufuku mwaka 1987 wakaja kuiondoa Januari 2010, na England tangu Oktoba 2012 matibabu ya VVU ni bure kwa yeyote bila kujali karatasi zake.

"Nibebe dawa za muda gani? Na insulini niiweke wapi kwenye ndege?"

Hili swali ningeweza kuliandikia kurasa tatu. Watu wote wanaogopa viza, mi nawaambia hatari kubwa iko kwenye ule muda kati ya kutua na kumwona daktari wa kwanza kule. Hujasajiliwa, bima haijaanza, anuani huna, na dawa zinapungua kila asubuhi. Kama sheria ya unakoenda inaruhusu beba za miezi 3. Nasema kama inaruhusu kwa sababu Japani, kwa mfano, dawa za kawaida za daktari mwisho ni mwezi 1, ukizidisha unatakiwa uwe umeomba cheti kabla ya kusafiri, na zile dawa za kuongeza umakini zenye amfetamini ni marufuku kabisa, barua ya daktari haikusaidii. Nchi za Schengen (zile za Ulaya unazozunguka kwa viza moja) dawa za kulevya za hospitali kama mofini unabeba na cheti maalumu kinachotumika siku 30. Na tramadol, ile dawa kali ya maumivu, msiichezee, mwaka 2017 kuna mtalii Mwingereza alihukumiwa kifungo cha miaka 3 Misri kwa kuingia na vidonge 290, anasema alikuwa anampelekea mwenzake mwenye maumivu ya mgongo. Vidonge vya mgongo tu.

Insulini sasa. Kwenye begi la mkononi, siku zote, kule chini kwenye mizigo inaweza kuganda na ikishaganda imekufa hata ukiiyeyusha ikarudi kuonekana safi kabisa. Ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8, iliyofunguliwa nyingi zinavumilia joto la kawaida la chumba kama siku 28 hivi, soma karatasi ya kwenye boksi. Usiigusishe na barafu moja kwa moja, funga kitaulo katikati. Ile sheria ya mililita 100 haihusu dawa zako ila lazima useme mwenyewe kwa mkaguzi kabla hajaanza kupekua. Kama una pampu ya insulini au kile kihisio cha sukari cha mkononi omba ukaguliwe kwa mikono, vingine havitakiwi kupita kwenye eksirei. Mimi dawa nazigawa mabegi mawili ya mkononi, moja langu moja la ninayesafiri naye, siku moja begi likaibiwa kwenye foleni ya teksi na nilichofanya ni kukaa chini kwanza nikamshukuru Mungu.

Kila dawa ibaki kwenye boksi lake lenye jina lako. Zile za kumimina kwenye kijichupa kimoja ili zisichukue nafasi, acheni.

"Nimefika, famasi wanasema hawaijui dawa yangu ya pumu. Na mashine ya sukari waliyonipa inasoma namba za ajabu."

Pole, nimecheka kidogo maana nakumbuka. Dawa yako wanayo, jina ndo tofauti: salbutamol Marekani wanaiita albuterol, paracetamol ni acetaminophen, glibenclamide ya sukari ni glyburide. Ndo maana unatakiwa kuandika jina la dawa yenyewe na miligramu zake, si jina la kampuni lililoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi.

Namba nazo, kuna nchi zinapima kwa milimoli na nyingine kwa miligramu, unazidisha au kugawa kwa 18. Kwa hiyo 7 ya milimoli ni 126 ya miligramu. Mimi nilizoea milimoli, asubuhi ya kwanza na mashine mpya ikaniandikia 140, nikajua nimeshakufa ila mwili haujapata taarifa, kumbe ni 7.8 na nilikuwa nimetoka tu kula. Hatari ni ukienda kujichoma insulini kufuata namba usiyoielewa. Uliza vipimo kwanza, dozi baadaye. Na kuna nchi bado zina insulini ya yuniti 40 kwa mililita badala ya 100, bomba la sindano lazima liendane na chupa.

"Bima itanilipia ugonjwa niliokuja nao?"

Inategemea ni bima gani. Ya safari kwa kawaida hailipi ulichokuwa nacho kabla, isipokuwa umekitaja na ukaongezewa malipo. Marekani tangu 2014 bima za kawaida za afya haziruhusiwi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa wa zamani. Ujerumani ile ya umma haikukatai, ya binafsi inaweza. Uingereza unalipa tozo ya afya pamoja na viza, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima tangu Februari 2024, baada ya hapo unatibiwa kama wengine. England mwenye kisukari kinachotibiwa kwa dawa au kifafa anajaza fomu anapata dawa zote bure, mwenye pumu hapati, kwa sababu orodha yenyewe ni ya 1968 na karibu hakuna aliyeigusa. Msiniulize kwa nini.

"Nina kifafa. Leseni yangu ya udereva itafaa?"

Usiendeshe kabla hujaripoti. Uingereza gari dogo kwa kawaida wanataka miezi 12 bila kuanguka, kwingine muda ni mwingine. Ukipata ajali na hukusema, bima inakuruka.

"Nina miezi miwili huku, sijapata daktari, nimeanza kuchoma insulini nusu ili ifike mwisho wa mwezi. Nitaweza?"

Mdogo wangu, hapana. Rudi kwenye dozi yako leo, hata kama maana yake ni kwamba keshokutwa zinaisha. Insulini ikipunguzwa hivyo damu inajaa asidi, unaanza kutapika, kupumua kwa haraka, siku moja au mbili uko mahututi. Chukua boksi tupu na barua ya daktari wa zamani, nenda famasi yoyote iliyo wazi umwambie mfamasia maneno haya: nina kisukari, insulini inaisha, sina daktari. Akishindwa atakuelekeza. Ukishaanza kutapika usimtafute mfamasia, nenda dharura. Marekani kuna sheria ya 1986, hospitali zenye kitengo cha dharura zinalazimika kukupima na kukutuliza hata kama huna pesa, na Uingereza kitengo hicho hakilipishi mtu yeyote. Bili kama itakuja utabishana nayo baadaye ukiwa mzima. Ukifika niandikie.