Mhariri Amekukatia Mswada? Soma Hapa Kwanza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Kayole, na hasira yake niliisikia hadi kwenye simu. Mhariri amempunguzia mswada mpaka hautambui. "Kaka, kazi ya hawa watu ni kudiliti tu?" Nilimjibu faraghani, lakini najua wengi wenu mnaopita hapa mna mswada uliolala mahali, kwa hiyo jibu nalileta kwenu nyote.

Tuanze na hilo neno lake. "Delete" asili yake ni Kilatini, delere, yaani kufutilia mbali, kuangamiza. Inasimuliwa kwamba Cato Mzee, mwanasiasa wa Roma, hata akihutubia juu ya jambo jingine kabisa, lazima angemalizia kwa kudai Carthage uangamizwe: Carthago delenda est. Mwaka 146 KK Warumi wakaubomoa mji huo, uliokuwa Tunisia ya leo, Afrika yetu hii hii. Kitenzi hicho ndicho kilichokaa kwenye kibonye cha kompyuta yako. Kina ndugu pia, "indelible", ndio ule wino wa kidoleni siku ya kura; sugua na sabuni ya kipande utakavyo, kesho bado upo.

"Erase" ni ukoo mwingine. Hilo latokana na radere, kukwangua, na Kiingereza kimepata jina la wembe humo humo. Wanakili wa kale walikwangua wino kwenye ngozi kwa kisu. Sisi tuliosoma shule za Eastlands hatuhitaji kuelezwa: umekosea kwa biki, raba haikusaidii, unachukua kona ya wembe, unakwangua taratibu, kisha unalainisha kwa ukucha ili wino mpya usitawanyike. Mwalimu akiinua daftari dirishani, pale mahali panapitisha mwanga. Viboko vilifuata.

Kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazokaguliwa kabla ya kuchapwa, nilijifunzia kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji karibu na River Road, chini ya mzee mmoja aliyekuwa hacheki ovyo. Yeye ndiye aliyenionyesha dele, ile alama ya pambizoni inayofanana na d iliyojikunja. Ni amri ya Kilatini: futa! Lakini angalia inavyofanya kazi. Neno unalipiga mstari mmoja tu, na bado linasomeka. Ukibadili nia, unaweka nukta chini yake na kuandika stet pambizoni, yaani libaki. Mwandishi anaona ulichotaka kuondoa na anaweza kubishana nawe. Mzee alikuwa mkali hapo. Ukichora mistari mingi mpaka neno likazama, alikurudishia karatasi.

Baadaye niliajiriwa na wachapishaji wakubwa, sitawataja. Nilihariri kitabu cha watoto kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kilipotoka jina langu halikuwemo. Nikauliza. Nikaambiwa lilifutika wakati wa kupanga kurasa. Lilifutika lenyewe, eti! Hakuna mstari, hakuna nukta, hakuna mtu wa kuuliza. Mpaka leo nikikiona kitabu hicho kwenye duka la vitabu, navuka upande wa pili wa barabara.

Sasa nina wateja wangu mwenyewe. Mwezi jana kimetoka kitabu cha mmoja wao na jina langu liko ukurasa wa hakimiliki, kwa herufi ndogo, lakini lipo. Nimekipiga picha, na mama amewatumia jamaa wote.

Basi vijana, sikilizeni. Mswada uchapishe kwenye karatasi, ushike kalamu, ukate kwa mstari mmoja. Kwenye kompyuta, washa kipengele cha kufuatilia mabadiliko kabla hujagusa chochote. Weka nakala ya zamani. Nasema tena, weka nakala. Na msiwe watu wa kuabudu kila sentensi mliyoandika usiku, maana nusu ya malalamiko ninayopokea ni kiburi tu kimevaa koti la uchungu.

Wewe wa Kayole, mwombe mhariri wako nakala yenye alama, ile inayoonyesha kila alichokata. Ni haki yako kuiona. Akikupa, nitumie nami, ila usitarajie jibu kabla ya Jumamosi, wiki hii nina prufu za watu mezani.