Jibu: Je, madaktari walikosea kumrefushia maisha yule mfanyakazi wa Tokaimura?

Ndugu, umeuliza kama madaktari wa Japani walikosea kumweka hai kwa siku 83 Hisashi Ouchi, yule mfanyakazi aliyepigwa na mionzi ya nyuklia kwenye kiwanda cha kuandaa mafuta ya urani huko Tokaimura, Septemba 30, 1999. Mwanzoni, kwangu mimi, hawakukosea. Alifika hospitalini akiongea, na kumpandikizia seli za dada yake zinazozalisha damu lilikuwa jaribio la haki kabisa. Zilishika kweli, kwa muda.

Lakini kromosomu zake, yaani nyuzi ndani ya seli zinazobeba maelekezo ya kuujenga mwili, zilikuwa zimevunjika vipande vipande, kwa hiyo mwili haukuweza tena kujitengenezea ngozi mpya. Wauguzi wakibandua plasta, ngozi inatoka nayo. Siku ya 59 moyo ulisimama mara tatu, na mara zote tatu wakaurudisha. Hapo ndipo roho yangu inagoma. Alikuwa hawezi tena kusema "basi".

Wanaodai madaktari walimtesa makusudi wanawaonea. Familia ilikuwa bado ina matumaini, na ni nani angeweza kuwaambia waache? Ila mgonjwa wa namna hii aulizwe mapema, angali anaongea: mambo yakiharibika, tuendelee hadi wapi?