Unaandaa Kitabu Chako? Usiache Kusoma Mapenzi

Juzi dada mmoja wa Urambo kanitumia ujumbe. Anaandika riwaya ya mapenzi, anataka kuichapisha kwa pesa yake, na ameapa hatagusa riwaya ya mtu mwingine mpaka yake itoke. Eti kusoma kunamlia muda, halafu anaogopa kuiga. Akamalizia: "Dada, wewe vyote viwili unavimudu vipi?" Nikamrekodia voisi ndefu, nikaisikiliza, nikaona bado nina dukuduku. Ndiyo haya.

Mimi ni wakala wa pesa hapa Mwanga, Kigoma. Nina meza, mwavuli, simu za mitandao na daftari. Mapajani nina riwaya niliyoivalisha gazeti, maana jalada lina kijana kifua wazi na baadhi ya wateja wangu ni wazee wanaotoka msikitini. Mtu akisema "nitolee elfu ishirini", nabana ukurasa kwa kidole, natoa, naandika, narudi kwa kijana wangu. Muda wa kusoma kama muda sijawahi kuwa nao, na wewe pia hutaupata. Unasoma palipo na upenyo.

Sasa, kuchapisha sikufundishwa na semina. Nilifundishwa na vitabu vya mitumba vya Mills & Boon, ile kampuni ya Uingereza ya riwaya za mapenzi iliyoanza mwaka 1908. Vile vya zamani, kila nikichungulia mwisho, vingi vina kurasa 192 au zinazokaribia hapo. Nikadhani Wazungu wana mwiko na hiyo namba. Siku nilipopeleka mswada wangu kupangwa, ukubwa wa A5, ukafika kurasa 203. Fundi wa mtambo akanikunjia karatasi kubwa mbele ya macho yangu: mara moja, mara mbili, mara tatu, akahesabu kurasa 16. Kitabu kinajengwa kwa mikunjo hiyo. Mikunjo 12 ni kurasa 192. Mimi na 203 zangu ningelipia mkunjo wa 13, zifike 208, na tano za mwisho ziwe tupu.

Nikarudi kwa wale Wazungu kutazama wanakata wapi. Wanakata safari! Mwanamume hasafiri kurasa nne, anafika tu. Na mimi nilikuwa na safari ya treni kutoka Tabora, nzuri kweli kweli, Kaliua imo, Nguruka imo, wauza chumvi wa Uvinza wanagonga dirisha alfajiri. Niliipenda kuliko mapenzi yenyewe. Niliifuta yote, Selemani, kijana wa riwaya yangu, akashuka stesheni ya Kigoma kwa sentensi moja. Kitabu kikaingia kwenye 192, na hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza treni iko wapi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema kusoma kunampotezea muda, nakasirika kidogo.

Nakasirika pia kwa sababu nyingine. Kabla ya kujichapishia nilipeleka mswada kwa wachapishaji, Dar. Nikajibiwa mistari miwili: kwa sasa wanapokea vitabu vya shule, na mapenzi yana soko lake mitaani. Ile barua pepe ninayo mpaka leo. Haya, nikaenda mitaani. Wanaonisoma ni kina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, wasusi, wauguzi wa zamu ya usiku, na mwalimu mmoja wa kiume anayesema anamnunulia mkewe. Nakala za kwanza zilikuja na basi, zikaisha, nikaagiza nyingine. Sijisifu. Au najisifu, na nina haki.

Tena hao wasomaji wana sheria zao, na huzijui kama husomi wanachosoma. Riwaya nyingi nilizokulia nazo zilimwadhibu binti aliyependa: afukuzwe, augue, afe, baba apate la kusema. Msomaji wa mapenzi ananunua ahadi kwamba wale wawili watafika pamoja. Wacheleweshe utakavyo, watenganishe, mlete shangazi mwenye roho mbaya, ila ukimuua Selemani ukurasa wa 180 utarudishiwa kitabu mezani. Mimi nimeshashuhudia mteja akirudisha, na hakikuwa changu, alinikabidhi tu kwa hasira.

Mambo ya ofisini nayapitia mbio. ISBN, ile namba ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe mapema, kwa sababu inakaa ndani ya kitabu na nyuma ya jalada. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na sheria ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Amazon, kwa kitabu cha kielektroniki, wanakupa asilimia 70 ukipanga bei kati ya dola 2.99 na 9.99 na mnunuzi akiwa kwenye nchi walizoziorodhesha, nje ya hapo asilimia 35, lakini mama wa Kibirizi hana kadi ya benki. Ana simu ya kulipia, na anamfahamu konda wa kumletea kitabu.

Utagundua kujichapishia sehemu kubwa ni kusubiri. Unasubiri namba, mhariri, mchora jalada, mtambo, basi. Kwenye kusubiri huko ndiko kusoma kuliko. Mwenzangu unasubiri jalada huku unachungulia mitandao ya waandishi wengine na kuumia roho kwamba wamekutangulia. Soma, dada yangu.

Na tarehe ya kutoa kitabu usiinakili kwa mtu wa Dar. Huku pesa inafuata giza. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Mimi naiona kwenye daftari langu: siku za giza watu wanaweka, siku za mbalamwezi wanatoa na kukopa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, watu wasivue, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Ningetoa kitabu Juni ningekula karatasi. Nilisoma tu miezi ile, na nikaandika.

Kuhusu kuiga: ninapoandika rasimu sisomi mapenzi ya Kiswahili, maana sauti ya mtu inaniingia mdomoni. Nasoma ya Kiingereza, au ya kipelelezi. Rasimu ikienda kwa mhariri, narudi kwa Waswahili wenzangu kwa njaa. Hiyo ndiyo siri yote, hakuna nyingine. Soma, tena soma kwa kununua! Waandishi wa nchi hii tunataka kununuliwa na hatununui. Tunaombana nakala za bure kama chumvi ya jirani, halafu tunakaa kulaumu Watanzania hawapendi vitabu. Mcheni Mungu.

Mwezi uliopita nimekuta riwaya yangu kwenye kundi la WhatsApp, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kinaonekana pembeni. Aliyeituma ni mwandishi mwenzetu, tena wa mapenzi. Nilimwandikia faragha, akasoma, hakujibu. Chake nilishakinunua siku kilipotoka, elfu kumi taslimu. Nimefika sura ya sita, na binti wake, niseme ukweli, anaongea vizuri kuliko wangu.